Chembe Kilichomwonja Mwenyewe

Mishale ya Rabson siku zote ilinukia mafuta ya nyonyo. Asubuhi ile Scola aliposhusha podo, ule mkoba wa ngozi wa mishale, kutoka kwenye msumari wake ukutani ili akaianike juani, ilinuka damu.

Alidhani panya kafia humo. Akamimina mishale yote juu ya ungo pale uani, akatikisa podo, akachungulia ndani. Hakuna panya. Ila mshale mmoja, ule wenye manyoya meusi, chembe chake cha chuma kilikuwa kimelowa. Alikifuta kwa pindo la kanga, akatazama. Damu mbichi, kama ya kuku aliyechinjwa sasa hivi. Na Rabson hakuwa amekanyaga porini wiki nzima, magoti yalikuwa yakimsumbua.

Hapo inabidi mjue Rabson na mishale yake. Alikuwa mvivu wa palizi, hilo kijiji kizima cha Iyula walilijua na mkewe akalisema hadharani, lakini kwenye mshale hakuwa na mchezo. Uti wa mshale aliukata kiangazi, akautundika juu ya moshi wa jiko mpaka msimu mwingine, kisha akaunyoosha juu ya makaa taratibu, jicho moja limefumba. Uliopinda hata kidogo aliugeuza kuni. Manyoya yalikuwa ya kanga, tena ya bawa moja, maana ukichanganya la kulia na la kushoto mshale unayumba angani kama mlevi. Na chembe, kile kichwa cha chuma, kwa nguruwe pori alitaka kipana, kwa sababu nguruwe ana mafuta, ukimtoboa tundu jembamba mafuta yanaziba na mnyama anaondoka na mshale wako. Alikinoa mpaka kinyoe vinyweleo vya mkono. Akitoka kuwinda alikiosha kwa majivu, akakipaka nyonyo, ndipo anaosha mikono yake mwenyewe. Scola alizoea kumwambia kwamba angekuwa mshale angetunzwa vizuri zaidi.

Kulikuwa na jambo moja ambalo baba yake Rabson alimkazania tangu utotoni. Chembe kipya kikitoka kwa mhunzi hakipelekwi kwenye kinoo kabla hakijaonyeshwa damu ya mnyama. Unachinja kuku, unakichovya, ndipo unanoa. Chuma kipya hakijui kazi yake, alisema mzee yule, na ndani yake kuna mkaaji anayesubiri kufundishwa. Damu ya kwanza atakayoonja ndiyo atakayoitafuta. Kikikukata wewe kabla hakijaonja mnyama, kivunje siku hiyo hiyo ukirudishe kwa mhunzi.

Ulikuwa mwaka ule ambao wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kupanda Iyula na malori yao. Rabson alikuwa amenunua springi ya lori kuukuu kule Tunduma, akampelekea Sadock, mhunzi wa Hasamba, amfulie vyembe. Alirudi navyo jioni, na jioni hiyo hiyo watu wakaja mbio kusema nguruwe wameshuka kwenye mahindi. Rabson akataka kuku wa kuchinja.

"Kuku gani?" Scola alimjibu akiwa mlangoni pa jiko. "Yule mwekundu ni wa Tuse. Anafika kesho. Vyembe vyako havina mimba, vitakunywa siku nyingine."

Tusekile alikuwa mtoto wao wa pekee. Aliolewa Tunduma na kijana wa kubadilisha fedha pale mpakani, na huko mimba mbili zilimtoka, moja baada ya nyingine, hadi akawa mtu wa kulia akiona nepi kwenye kamba ya jirani. Hii ya tatu ilikuwa imekomaa. Alikuwa anakuja kujifungulia kwa mama yake, na Scola alikuwa akimwomba Mungu kitu hicho tu, mtoto atoke akiwa hai na alie. Mengine yote Mungu angeweza kukaa nayo.

Rabson akacheka, akachukua kinoo. Haraka ile. Chembe cha kwanza tu kikateleza, kikamfungua kidole gumba.

"Huyu kanionja," alisema akikinyonya kidole.

"Basi kivunje."

"Nivunje chuma kizuri namna hii? Mimi ni mzee wa kanisa, Mama Tuse. Hayo ya baba yalikufa na baba."

Scola akamfunga kidole kwa kipande cha kanga, huku akimtania kwamba nguruwe wa kwanza wa msimu amepatikana. Rabson alikipangusa chembe kile kwenye kaptura, akakifunga kwa kano kwenye uti, akautia manyoya meusi. Kwa hiyo Scola hakuwa mtu wa kuuliza mambo yameanzia wapi. Alikuwapo, na kuku alimnyima yeye.

Asubuhi ile ya harufu aliiacha mishale kwenye ungo, akaenda kuchota maji. Aliporudi, Tusekile alikuwa ametoka kuota jua, ameketi kwenye mkeka na tumbo lake mapajani. Mishale yote ililala kama alivyoilaza, isipokuwa wenye manyoya meusi. Huo ulikuwa umejigeuza juu ya wenzake, ncha imemwelekea binti.

Scola aliurudisha mahali pake. Tusekile akainuka kwenda chooni, polepole, mkono kiunoni. Na pale kwenye ungo, mchana kweupe, bila upepo, mshale ule ukaanza kugeuka. Ulijikokota kidogo kidogo, ukikwaruza ungo, ukimfuata Tusekile hatua kwa hatua, na alipofunga mlango wa choo ukatulia, ukasubiri, na alipotoka ukamrudisha hadi kwenye mkeka wake. Scola alipita mbele ya mshale makusudi. Haukusogea. Akapita tena, akainama, akaweka uso wake karibu kabisa na ncha. Haukuwa na habari naye.

"Baba Tuse," alimnong'oneza mumewe alipotoka shambani, "njoo uone mshale wako. Usiongee kwa sauti."

Rabson alikuja na utani mdomoni. Alipofika hatua chache kutoka kwenye ungo, ncha ilimwacha binti, ikamgeukia yeye. Utani ukamwishia. Alisogea kushoto ikamfuata, akasogea kulia ikamfuata, na kitambaa cha kidole chake, kidonda kilichokwisha kufunga, kikaanza kulowa damu.

Aliuvunja uti kwa goti, chembe akakitupa kwenye shimo la choo, akamwaga majivu debe zima. Mchana wa kesho yake, saa ile ambayo watu wamekula na kijiji kimenyamaza, Scola alisikia kinoo. Khwaa. Khwaa. Alidhani ni mumewe, ila mumewe alikuwa amelala mbele yake. Sauti ilitoka chooni, chini, ndani ya ardhi, ya mtu asiye na haraka, na jua lilipoanza kushuka ilikuwa imetoka chooni ikaja nyuma ya jiko, na ilipokoma, Rabson akaenda roho mkononi kutazama ukutani. Mshale ulikuwa ndani ya podo, mzima, na manyoya yake meusi, umepakwa nyonyo vizuri kama anavyopaka yeye.

Walimwita mchungaji. Wazee wa kanisa wakaja, wakaimba, wakaomba, Rabson amepiga magoti katikati yao akilia waziwazi. Waliimba vizuri. Ila katikati ya wimbo wakaanza kutazamana, maana nyuma ya ukuta kulikuwa na khwaa, khwaa, inayofuata mapigo yao, na walipoongeza mwendo nayo ikaongeza. Wimbo ukafa wenyewe. Mchungaji alisema wataendelea kuwaombea nyumbani kwao.

"Mama, kuna nini?" Tusekile aliuliza. "Mbona hamnitazami?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Kula."

Scola alitaka kumrudisha Tunduma. Lakini binti alikuwa amevimba miguu, njia ile ya mashimo ingemtoa mtoto garini, na zaidi ya hapo mshale uliokuwa umepanda kutoka shimo la choo ungeshindwaje na Tunduma? Walikaa tu. Kuna namna ya kukaa ambayo mtu unasubiri na hujui unasubiri nini, na hata chumvi huionji kwenye chakula. Ndivyo walivyokaa.

Kisha akaja Timotheo, mdogo wake Rabson, baba mmoja mama mmoja. Hakuambiwa neno. Alikuja kuwasaidia kuchuma kahawa, mtu wa mizaha, akaingia kati ya mibuni na kikapu chake huku akiimba. Rabson alikuwa kwenye mtambo wa kumenyea kahawa na wenzake. Jua lilikuwa utosini.

Scola alikuwa akichuma safu ya jirani, mgongo wake kwa nyumba, uso kwa shemeji yake.

"Shemeji, mwaka huu kahawa imejaa," Timotheo alisema. "Tutamnunulia mjukuu baiskeli kabla hajazaliwa..."

Nyuma ya Scola kitu kikaitika, kama uzi wa upinde ulioachiwa. Alihisi upepo mwembamba ukimjia mgongoni, akajua, akatanua mikono kama mtu anayezuia ng'ombe, akasimama imara katikati ya nyumba na Timotheo, na upepo ule ukampita. Alisimulia baadaye kwamba ulimpita kifuani, ndani yake kabisa, baridi, na haukumwachia hata alama kwenye gauni. Timotheo akakaa chini. Alitazama shimo lililofunguka kifuani mwake, pana, kama la kumtolea nguruwe damu haraka, akamtazama shemeji yake kwa mshangao wa mtu aliyepigwa kofi bila kosa. Hakukuwa na mshale. Kahawa zilimwagika mapajani mwake.

Askari walikuja, wakauliza, wakaandika, wakaondoka. Rabson watu wote walimwona mtamboni. Nyumbani, ndani ya podo, mshale wa manyoya meusi ulikuwa ukitiririka.

Walipomaliza kumzika Timotheo, Rabson alikwenda akasimama mbele ya podo, akafungua shati.

"Nichukue mimi," alisema. "Kidole ni changu. Nichukue, umalize."

Ncha ilikuwa imechomoza kwenye tundu la podo, nayo haikumtazama. Ilielekea chumba cha Tusekile. Rabson alisogea mpaka ikamgusa ngozi, nayo ikajipinda pembeni yake, ikaelekea kule kule, kwenye damu mbili zilizolala pamoja. Mzee wa watu akateremka chini ukutani na shati lake wazi.

Ndipo Scola alipoelewa kitu alichokuwa amekiona tangu siku ya ungo. Yeye hakuwa wa damu hiyo. Mumewe asingethubutu kuushika tena mshale ule, binti yake asingeweza, ila yeye, mwanamke aliyeletwa na mahari, kwa mshale alikuwa sawa na ukuta au mti. Aliuchomoa kwenye podo, akauviringisha kwenye kanga, akajifunga mgongoni kama mtoto, akaenda Hasamba.

Kila njia ilipoipa nyumba mgongo, mzigo ule ulizidi uzito, mpaka akawa anatembea ameinama na wapita njia wakimpa pole ya mgonjwa. Ulikuwa na joto. Ulihema. Karibu na Hasamba ulianza kulia kilio kidogo cha mtoto mchanga, na Scola, aliyekuwa akiomba kusikia kilio hicho miezi tisa yote, alitembea akilia na yeye, bila kugeuka.

Sadock mhunzi alikuwa mzee mfupi, kope zimeungua kwa kazi. Alipofunua kanga hakuuliza swali ila moja.

"Hakuonyeshwa kuku?"

"Nilimnyima mimi."

Mzee alikigeuza chembe kwa koleo. "Mkaaji wa chuma hauawi, mama. Ukimzika anatoka, ukimtupa mtoni anatoka. Dawa ni kumpa kazi nyingine. Chuma hiki nikifue kiwe kitu kisichokata. Asipokuwa na makali hana njia. Nitakifua kengele ya ng'ombe, mtaivisha ng'ombe wenu, atalia tu maisha yake yote."

Scola alikiona kinaingia motoni. Hakikuwaka haraka. Vyuma vingine pale vilikuwa vyekundu, chenyewe cheusi tii, mpaka mzee alipoongeza makaa na kuvukuta mpaka akaishiwa pumzi, ndipo kikakubali, na kilipokubali harufu ya nyama ilijaa kiwandani na mbwa wa mzee akaondoka na mkia tumboni. Scola hakusubiri. Nyumbani alikuwa amemwacha binti yake na maumivu ya mgongo, na jioni ilikuwa inakuja.

Siku chache baadaye Sadock aliwaletea kengele. Ilikuwa nzito, nyeusi, sauti yake nene. Rabson aliivisha ng'ombe wao, na kuanzia hapo nyumba ile ikapumua. Kinoo kilinyamaza. Mishale ikanukia nyonyo. Kidole cha Rabson kikafunga, na ingawa alikuwa hazungumzi sana tangu msiba wa mdogo wake, siku moja alimtania mkewe juu ya chumvi, na Scola akaenda nyuma ya jiko kulia kwa furaha.

Uchungu ulimshika Tusekile siku ya mvua kubwa, alasiri. Barabara ilikuwa mto. Rabson alizunguka kijiji kutafuta gari, akarudi amelowa na mikono mitupu. Basi akaitwa Jenista, mkunga wa jirani, mama mtu mzima aliyezalisha nusu ya vijana wa pale. Alikuja na kapu lake kichwani na maneno yake ya kutia moyo, akamweka Scola nyuma ya binti amshike mabega, akamfukuza Rabson barazani.

Ilikuwa kazi ndefu. Lakini kabla giza halijaingia mtoto akatoka, wa kiume, mweusi na mnene, akalia. Alilia sana. Scola aliinamisha uso kwenye nywele za binti yake zilizolowa jasho akasema asante, asante, asante, hakumaliza.

"Wembe," Jenista alisema. Alikuwa amekwisha kufunga kitovu kwa uzi, huku na huku.

Wembe mpya, ulioletwa na mkwe kutoka Tunduma, ulikuwa kwenye kikombe dirishani. Mvua ilikuwa imeingia dirishani. Wembe ulikuwa umeliwa na kutu mpaka katikati, wembe ulioletwa jana.

"Usijali, mama. Ninacho changu, nimekwisha kukichemsha," Jenista alisema, akatoa kapuni kisu kidogo, cheusi, kizuri. "Kikali hiki! Hata hakihitaji kunolewa."

Zizini, kengele ikalia. Mara moja, nzito. Ng'ombe walikuwa wamelala.

"Mama Jenista," Scola alisema taratibu, "hicho kisu umekipata wapi?"

"Gulioni, kwa Sadock wa Hasamba. Alivifua visu hivi siku ile ile ya kengele yenu, mwenyewe aliniambia. Kile kichuma chenu kilikuwa kidogo, kengele haitoshi, ikabidi akiunge na springi nzima. Kengele ikatoka, kilichobaki akafua visu. Chuma hakitupwi, mama."

Jenista alikuwa anainama. Scola hakumbuki alimwachaje binti yake, anakumbuka tu kwamba alikishika kisu kile kwenye makali, kwa viganja vyote viwili, akakikumbatia, na makali yakateleza ndani ya mikono yake bila kumkata, kama anashika kijiko, yakivuta, yakivuta, kuelekea kwenye kilio.

"Kata kwa mwanzi!" alipiga kelele. "Toa ubanzi wa mwanzi kwenye dari, kata kwa mwanzi!"

Jenista, aliyezalisha watu wengi na kuona mengi, hakubishana. Alichomoa ubanzi, akaupitisha motoni, akakata. Mtoto alikuwa mzima. Tusekile alimpokea kifuani, akawa anacheka na kulia pamoja, na Rabson barazani alisikika akimshukuru Mungu kwa sauti kubwa.

Scola alikuwa ameketi sakafuni juu ya kisu, amekikalia kama kuku.

"Alifua vingapi?" aliuliza.

"Mama wewe, kapu zima," Jenista alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka, maana alikuwa amekiona kisu kikigeuka. "Viliisha siku hiyo hiyo. Kila jiko hapa Iyula lina kimoja. Vingine vilichukuliwa na wachuuzi wa Tunduma."

Mvua ilikuwa imekatika. Ulikuwa wakati wa kupika, wakati ambao wanawake wanakata mboga, na kwa jirani wa kwanza ikaanza, khwaa, khwaa, polepole, kisha kwa jirani wa pili, kisha ng'ambo ya mibuni, kisha chini bondeni, jiko moja likipokea kwa jiko lingine, mpaka Iyula nzima ilikuwa inanoa.

"Mama," Tusekile aliuliza, akimfunika mtoto, "kina nani wananoa visu wote kwa pamoja?"

"Lala, mwanangu," Scola alisema. "Ni watu wanapika."

Akainuka na kisu chake kimoja mkononi, akaenda kusimama mlangoni, akatanua mikono, ingawa alijua kwamba vikija vitampita.